Makala inakula mushahara: Leta isaidie gesi ya mashamba



Kila mara tunapokaa ku meza na wakubwa wa kampuni, tunaongea mushahara, prime, usafiri, hospitali na masomo ya watoto. Hayo yote ni ya lazima na hatutayaacha. Lakini kuko kitu kimoja ambacho hakijaandikwa mu karatasi zetu za madai, na kinakula feza yetu kila siku ya Mungu: mufuko wa makala. Mushahara ukiingia, mama anapiga hesabu ya makala pamoja na ya unga, kwa sababu unga bila moto si bukari. Kufika katikati ya mwezi mufuko umeisha. Anaanza kununua kidogo kidogo ku soko, na ile ya kidogo kidogo ndiyo inauzwa bei kali zaidi.

Leo tunasema wazi kama moto wa kupikia ni neno la wafanyakazi, sawa vile mushahara ni neno la wafanyakazi. Na tunasema kile tunachotaka: Leta iweke feza na sheria juu ya gesi inayotoka ku takataka za mashamba na za mifugo. Wengine watacheka na kuuliza: sendika inaingilia wapi mu mavi ya ngombe? Tunawaomba wasome mpaka mwisho, kisha wacheke kama bado wanataka.

Moto tulio nao leo

Mu inchi yetu, zaidi ya 90 kwa mia ya nguvu zote ambazo watu wanatumia inatoka ku miti: kuni mu vijiji, makala mu miji. Lubumbashi, Likasi na Kolwezi zinapika ku mbabula. Kila mutu anayesafiri ku njia ya Kasumbalesa ao ya Likasi anaona mifuko imepangwa kando ya barabara, na anaona tena namna pori la miombo linakimbia mbali na muji. Zamani makala ilitoka karibu. Leo vijana wa kinga wanaisukuma kutoka mbali, na kila kilomita wanayosukuma inaingia mu bei ambayo mama analipa.

Tupige hesabu. Mu tanuru ya udongo, sawa vile wachoma makala wetu wanafanya, unatia kilo 6 mpaka 10 za miti juu ya kupata kilo 1 ya makala. Ingine yote inaenda na moshi. Nyumba inayotumia kilo 3 za makala kila siku inamaliza zaidi ya tani 1 kwa mwaka. Maana yake tani 6 mpaka 10 za miti kwa nyumba moja. Sasa muzidishe na nyumba zote za kambi yenu, kisha na kambi zote za Katanga.

Tuongee na afya. Sisi chini ya udongo ao ku kiwanda tunadai maski, na kampuni isipoleta maski tunasimamisha kazi. Wake zetu na mabinti wetu wanainama juu ya mbabula mara mbili ao tatu kwa siku, na hakuna anayewadaia maski. Mu baridi ya mwezi wa 6 na wa 7 kuko watu wanaoingiza mbabula mu chumba na kufunga mulango. Ile hewa ya monoksidi ya kaboni haina harufu, haina rangi, na inaua watu usingizini. Kila mwaka mu kata zetu tunasikia kilio cha namna hiyo.

Kuko watakaosema: umeme upo. Tangu 1982 kuko laini kubwa kutoka Inga mpaka Kolwezi, karibu kilomita 1.700. Ilijengwa juu ya migodi, na inapita juu ya vijiji vingi ambavyo havina hata ampule moja. Leo migodi inaomba umeme kupita ule ulioko, hata kampuni zinanunua mwingine Zambia. Mu makambi na mu kata, delestaji tumeizoea sawa vile tunazoea mvua. Mama aliyenunua resho ya umeme ameiweka chini ya kitanda na amerudi ku mbabula. Hatusemi migodi ikatiwe umeme, kwani ndiyo inatulipa. Tunasema nyungu ya mufanyakazi isingojee umeme peke yake.

Gesi hii ni kitu gani

Wazee waliofanya kazi ku makaa ya mawe wanajua grisu, ile hewa inayotoka mu mawe na inaweza kulipuka. Grisu ni metani. Basi, metani ileile inazaliwa kila mahali kitu kilichokuwa na uhai kinapooza pasipo hewa: mu tumbo ya ngombe, mu matope ya mutoni, mu lundo la takataka. Ukiiacha iende juu, inapasha dunia joto kwa nguvu ya karibu mara 28 kupita ile hewa ya moshi wa kawaida, kwa hesabu ya myaka 100. Ukiikamata mu tangi, unapikia bukari.

Kazi yenyewe si ya uchawi. Unachimba shimo, unajenga tangi ya matofali na simenti yenye kifuniko cha duara, isiyopitisha hewa. Unatia kinyesi cha mifugo na maji, kipimo kimoja kwa kimoja. Vidudu vidogo sana vinakula, na vinatoa gesi ambayo zaidi ya nusu yake ni metani. Gesi inapanda juu, inaingia mu mupira, inafika ku jiko. Ngombe 5 wakilala mu zizi wanatoa karibu kilo 50 za kinyesi kwa siku. Hiyo inaleta metre kube 2 za gesi, na metre kube 2 zinashika nafasi ya kilo 3 za makala. Ni ile hesabu yetu ya nyumba moja. Mu baridi gesi inapunguka, kwani vile vidudu vinapenda joto. Ndiyo sababu tangi inafukiwa mu udongo, na fundi muzuri anajua kuipa ukubwa unaofaa.

Tena kuko faida ya pili ambayo watu wanaisahau. Kinachobaki mu tangi kisha gesi kutoka, si takataka. Ni mbolea. Karibu azote yote inabaki ndani. Udongo wetu wa Katanga ni muchovu na una asidi, mulimaji anajua: bila mbolea, mahindi yanakuwa ya kimo cha mutoto. Mbolea ya mifuko inatoka inje ya inchi na bei yake inamushinda mulimaji mudogo. Kwa hiyo tunakula unga wa Zambia, na kila mara Zambia inapofunga mupaka, mufuko wa unga unapanda na mushahara wetu unashuka. Gesi ya mashamba inagusa nyungu mara mbili: inaleta moto chini yake, na inasaidia mahindi yanayoingia ndani yake.

Sasa, mutu wa kambi atauliza: mimi niko na nyumba ya vyumba viwili, ngombe nitafugia wapi? Ni swali la haki. Tangi ya nyumba ni ya yule anayekaa ku shamba, mwenye ngombe, nguruwe ao kuku wengi. Juu ya muji kuko njia ingine. Mashamba makubwa ya nguruwe na kuku yanayozunguka Lubumbashi na Likasi, machinjio, masoko yenye malundo ya maganda na majani, hayo yote yanaweza kulisha tangi kubwa. Gesi yake inasafishwa, inaondolewa ile harufu ya yai bovu na ile sehemu isiyowaka, kisha inashindiliwa mu chupa na kupelekwa. Kwanza inafaa kwenda pahali panapopika kwa watu wengi: hospitali, masomo, boulangerie, na kantini za migodi. Kila sufuria kubwa inayotoka ku makala inapunguza foleni ku soko, na bei ya mufuko wa mama inapata kupumua.

Wengine wamefanya namna gani

Hakuna inchi ambayo gesi hii ilisimama kwa nguvu ya walimaji peke yao. Tangi inalipwa yote siku ya kwanza, faida inakuja polepole myaka mingi. Mulimaji hana ile feza ya kwanza, na banki haimukopeshi. Na faida ya pori kubaki, ya hewa kuwa safi, hakuna anayemulipa juu yake. Ndiyo maana Leta inapashwa kuingia.

Tuangalie Ufaransa. Mu 2011 serikali yao ilikata neno: mulimaji atakayesafisha gesi yake na kuitia mu mabomba ya inchi, atanunuliwa kwa bei iliyowekwa na serikali, kwa kontra ya myaka 15. Na kontra ya myaka 15 mukononi, mulimaji anaenda ku banki na banki inafungua mulango. Mwisho wa 2023 walikuwa na viwanda zaidi ya 600 vinavyotia gesi hiyo mu mabomba. Sisi hatuna mabomba, lakini fundisho liko palepale: kuahidi kununua kunasaidia sana, wakati mwingine kupita kutoa zawadi.

Tuangalie Nepal, inchi masikini ya milima. Tangu 1992, kwa musaada wa Waholanzi, ilianza kulipia sehemu ya bei ya tangi za nyumba. Walikuwa na akili moja tunayoipenda: kampuni inayojenga ilipata ile feza ya musaada kisha tangi kukaguliwa, na ilipashwa kutoa garanti, irudi kutengeneza kitu kikiharibika. Tangi zaidi ya 300.000 zimejengwa kule. Wandugu, mulinganishe na namna tulivyozoea hapa: feza inatoka mbele, mutu anapiga picha na utepe, kisha hakuna anayerudi kuangalia.

Na karibu zaidi, Arusha ku Tanzania, kituo cha CAMARTEC kimekuwa mu kazi ya tangi hizi tangu myaka ya 1980. Mafundi wa kule wanaongea Kiswahili sawa na sisi. Kijana wetu anaweza kwenda kujifunza pasipo mukalimani, na kurudi na kazi mukononi.

Leta yetu nayo inajua neno gesi. Mu 2022 ilitangaza mu soko la dunia mabloku 27 ya petroli na 3 ya gesi ya ziwa Kivu. Kwa mabloku hayo kulikuwa mikutano, hotuba na televisheni. Juu ya gesi ya zizi la mulimaji hatujasikia hata mukutano mumoja.

Mahindi ni ya bukari

Tunaomba Leta isaidie, lakini hatuombi isaidie kwa upofu. Kuko hatari moja kubwa, na Ujerumani imeionja. Kule sheria ya 2000 ililipa vizuri umeme unaotoka ku gesi hii, na mu 2004 waliongeza zawadi kwa mwenye kutumia mimea iliyolimwa. Walimaji walipiga hesabu, wakaona kulima mahindi ya kulisha tangi kunaleta feza. Mahindi yakafunika mashamba, kodi ya udongo ikapanda, walimaji wadogo wakalia. Mu 2012 sheria ikapashwa kuweka kipimo: mahindi yasipite 60 kwa mia ya kile kinachotiwa mu tangi. Ufaransa iliona hayo, ikasema mazao makuu ya shamba yasipite 15 kwa mia.

Sisi tunasema sifuri. Mu inchi ambayo mutoto wa mufanyakazi analala na njaa wakati mupaka wa Kasumbalesa umefungwa, hakuna hindi moja, hakuna muhogo mumoja wa kulisha tangi. Maganda ya muhogo, ndiyo. Mabua, ndiyo. Kinyesi, damu ya machinjio, takataka za soko, ndiyo. Na liandikwe mu sheria kabla feza haijatoka, kwani kisha wakubwa kujipatia hekta, hakuna atakayewatoa.

Hatari ya pili ni tangi kufa. Mu Chine serikali ilisaidia kujenga mamilioni ya tangi mu vijiji. Kisha vijana wakaenda kazi mu miji, jamaa zikaacha kufuga nguruwe, na tangi nyingi zikabaki matupu. Tangi ni sawa mashine yetu ya kazi: inataka mutu wa kuilisha, kuichunguza na kuitengeneza. Pahali pasipo na maji karibu, ao mifugo inazungukazunguka inje muchana na usiku, tusijenge. Afazali tangi 200 zinazowaka kupita 2.000 za kuhesabia mu hotuba.

Hatari ya tatu inagusa wandugu wetu wachoma makala. Wengi wao si watu wa mbali. Mu 2003 na 2004, wafanyakazi 10.655 walitoka Gécamines mu ile operesheni ya kuondoka kwa hiari. Tunajua kati yao wenye walirudi ku shamba, na mulimaji akikosa mbolea na feza, muti ndio unabaki wa kuuza. Hatutakubali serikali itume polisi kuwapokonya mifuko na kuita hiyo kutunza pori. Hao ndio wawe wa kwanza kufundishwa kujenga tangi, kukusanya kinyesi na takataka, kubeba chupa na kuuza mbolea. Mutu anaacha panga wakati ameona kazi ingine inayolisha watoto.

Feza iko wapi

Hapa ndipo wakubwa wanatufungia mulango: Leta haina feza. Sisi watu wa migodi tunajua hesabu hii vizuri, kwani inatoka ku jasho letu.

Kodi ya migodi iliyobadilishwa tarehe 9 mwezi wa 3 mwaka wa 2018 inasema redevansi ya shaba ni 3,5 kwa mia. Cobalt, kisha kuitwa madini ya strateji mwaka uleule, inalipa 10 kwa mia. Ile redevansi inagawanywa hivi: 50 kwa mia inaenda Kinshasa, 25 kwa mia inaenda ku provensi, 15 kwa mia inaenda ku muji, komine, sekteri ao sheferi ambamo mugodi uko, na 10 kwa mia inaenda ku FOMIN, ule mufuko wa vizazi vijavyo. Juu ya hiyo, kila kampuni inapashwa kutoa 0,3 kwa mia ya mauzo yake yote ya mwaka juu ya maendeleo ya wenyeji. Na inapashwa kukubaliana na wenyeji mu kaye de sharji ile ambayo watajengewa.

Kwa hiyo tusidanganyane. Sheferi zinazozungukwa na migodi zina feza. FOMIN iliwekwa juu ya siku ambayo madini itaisha. Basi udongo wenye mbolea na pori lililobaki, hiyo si mali ya vizazi vijavyo? Na tangu sheria ya umeme ya 2014 Leta imejipa shirika la ANSER juu ya nguvu mu vijiji na kando ya miji. Shirika liko, sheria iko, feza inaingia kila mwaka. Kinachokosa ni neno gesi ya mashamba kuandikwa mu karatasi hizo.

Na musituambie kampuni haziwezi kuagizwa mambo ya shamba. Wakati Moïse Katumbi alikuwa gavana wa Katanga, kampuni za migodi ziliagizwa kulima mahindi. Wengine walilima vizuri, wengine walilima vibaya, lakini ilionekana kama serikali ikisema kwa nguvu, kampuni inatafuta trakta.

Hatuombi posho

Tuwe wazi na neno moja, kwani tunajua wakubwa wa kampuni wanasoma gazeti hili. Zamani mu makambi, kampuni ilitoa posho: unga, samaki, mafuta, na wazee wengine wanaikumbuka kwa huzuni tamu. Lakini posho ilikuwa na kamba yake. Aliyekupa unga alikuhesabia watoto, alikuambia saa ya kulala, na siku ya mugomo alikuonyesha stoo iliyofungwa.

Gesi isije sawa posho ya pili. Isikatwe ku mushahara, isihesabiwe kuwa prime, isiwe sababu ya kukataa kuongeza mushahara. Na kampuni isije kujenga tangi moja karibu na barabara, kuipaka rangi ya majani, na kuita waandishi wa habari wakati mutoni wa kijiji uko na asidi. Anayechafua maji alipe maji. Tangi haifuti deni hilo.

Tunayoyadai

Sisi wa sendika tunaweka mambo 6 mbele ya Leta, provensi na kampuni, na tunaomba ba delege wote wayapeleke mu mikutano yao.

Moja: provensi za Haut-Katanga na Lualaba ziweke mu bajeti sehemu ya bei ya kila tangi ya mulimaji, na feza itoke kisha tangi kukaguliwa na gesi kuwaka, pamoja na garanti ya fundi.

Mbili: kantini za migodi, hospitali na masomo ya serikali zipewe agizo la kununua gesi hii pahali inapopatikana, kwa kontra ya myaka mingi na bei inayojulikana, ili mwenye kujenga tangi kubwa aweze kukopa.

Tatu: majiko, mipira na vyombo vya kusafishia gesi vikiingia mupakani visilipishwe duane. Leo kila kitu kinachopita Kasumbalesa kinalipishwa mpaka kinakosa maana.

Nne: sheria ikataze kabisa mahindi, muhogo na chakula kingine cha watu kulishwa mu tangi.

Tano: masomo ya ufundi yafungue mafunzo ya ujenzi wa tangi, na nafasi za kwanza ziwe za watoto wa wafanyakazi walioachishwa kazi na za wachoma makala.

Sita: mu kila kaye de sharji inayoandikwa ao kurudiliwa, neno la moto wa kupikia liulizwe, na ba mama wakae ku meza. Mu mikutano mingi tuliyoona, wanaume 20 wanaongea barabara, ukumbi na terrain ya mpira. Waulize ba mama wanataka nini, jibu la kwanza ni maji, la pili ni makala.

Kazi yetu sisi wenyewe

Leta haitaamka yenyewe. Kwa hiyo kila mumoja wetu ana sehemu.

Wewe mwenye kukaa mu sheferi, uende uulize mukubwa: ile 15 kwa mia ya mwaka huu imefika kiasi gani na imefanya nini? Ni haki yako kuuliza, si fujo. Wewe unayefanya mu kantini, upime siku moja chakula kinachotupwa na makala inayochomwa, utuletee hesabu. Wewe mwenye ngombe ao nguruwe ku shamba, ungana na majirani watano ao kumi, kwani kundi linasikilizwa mbele ya mutu mumoja. Na mwaka wa uchaguzi wa ba delege ukifika, mumuulize kila anayetaka sauti yenu: juu ya makala unasema nini? Asiyekuwa na jibu, arudi nyumbani akaulize muke wake.

Madini tunayotoa inaenda kutengeneza batri za magari ya umeme mu Ulaya, mu Chine na mu Marekani, ili hewa ya kule iwe safi. Ni vizuri. Lakini mama wa mutu aliyeitoa anaendelea kukohoa mbele ya mbabula. Hatudai kitu cha ajabu. Tunadai sehemu ya mali hii irudi ku nyungu yetu, na karatasi ya kwanza tutaiweka ku meza mu mazungumuzo yanayokuja.